Iafoni Mbili, Chumba Kimoja

Ukuta wa mabati haufichi kitu. Huku Mukuru kwa Reuben, ambako ploti moja hubeba vyumba vingi vya futi kumi kwa kumi vilivyopakana ukuta kwa ukuta, mimi hujua jirani wa kushoto anaposonga ugali na hujua wa kulia anapohesabu pesa za kodi akakuta zimepungua. Alfajiri huanza na hatua za watu wanaokwenda Industrial Area kwa miguu. Hufuata mkokoteni wa maji, watoto wa shule, fundi wa kuchomelea vyuma, na kanisa ambalo spika zake zinatazama barabara. Jioni ni kelele za mpira kutoka kibanda cha video. Katikati ya hayo yote mzee wangu hutakiwa kulala mchana, kwa sababu yeye ni mtu wa shifti ya usiku kwenye kiwanda cha misumari, na kiwanda cha misumari si mahali pa kwenda na usingizi machoni.

Nayatanguliza haya ili atakayesikia kwamba familia ya watu sita iligombana kwa sababu ya iafoni asidhani tuligombania upuuzi. Chumba chetu hakina chumba cha ndani. Anayetaka kuomba, kulia, kusoma au kupumzika hufanya hivyo mbele ya wengine watano. Iafoni ndiyo mlango wa pekee ambao mtu wa nyumba yetu anaweza kuufunga nyuma yake, na sisi tulikuwa na pesa ya mlango mmoja.

Kisa chenyewe kilianzia Muscat. Wifi yangu anafanya kazi ya nyumbani huko Oman, na mwenzake alipokuja likizo alimpa mzigo wa mama: kitenge, kopo la maziwa ya unga, na kicheza muziki kidogo cha kuenea kiganjani. Ndani ya memori kadi alikuwa amemjazia mamake nyimbo za ujana wake, moja baada ya nyingine, kazi ambayo najua aliifanya usiku baada ya kuwalaza watoto wa wenyewe. Mamake ndiye mama mkwe wangu. Watoto humwita Kukhu, kama wajukuu wengi wa Uluhyani wanavyowaita bibi zao. Alikuwa ametoka Butere kuja kutibiwa macho, akawa anakaa nasi akingoja tarehe ya kurudi kliniki. Jicho moja lilikuwa chini ya plasta na la pili linatoa machozi. Kusoma Biblia hawezi, kushona hawezi, kuchambua mchele ndiyo usiseme. Muziki ndio uliobaki kuwa shughuli yake ya mchana.

Ile karedio, kama alivyoiita, ilikuwa na spika ndogo mgongoni. Mzee huingia nyumbani saa moja asubuhi, akanywa chai, akajitupa kitandani nyuma ya pazia. Saa mbili Kukhu naye hubonyeza kidude chake. Hakuna mwana wa Kukhu anayeweza kumwambia mamake azime muziki uliotumwa na binti yake kutoka Uarabuni, tena akiwa mgonjwa. Mzee alikuwa anajifunika blanketi kichwani katika joto la mabati, anatoka saa saba mchana macho mekundu, na ananiambia amelala vizuri. Mimi nauza chapati na ndengu kando ya njia ya wafanyakazi. Nimewaona vijana wakirudi kutoka viwandani wamefungwa bendeji vidoleni. Nikasema inunuliwe iafoni, leo.

Fundi wa simu wa kichochoro chetu hununua bidhaa zake Luthuli, ile barabara ya vyombo vya stima iliyopewa jina la Albert Luthuli wa Afrika Kusini, mshindi wa Nobeli ya Amani ya 1960. Angeweza mzee kwenda mwenyewe mjini, lakini huko ukishalipa na kutoka dukani habari imekwisha. Fundi tunaishi naye. Alitutolea jozi mbili, zote za kuingia ndani ya sikio, moja nyeusi na moja nyeupe, bei zikipishana kidogo sana. Akasema tukae nazo hadi Jumamosi, tulipe moja, turudishe nyingine, na atakayerudisha alete bila kukata waya.

Nyeusi ilikuwa na mdomo mrefu unaoingia ndani kabisa, na raba laini inayoziba tundu la sikio pande zote. Nyeupe ilikuwa na mdomo mfupi, raba yake inakaa mlangoni tu, na ubavuni ina kitundu cha kupitisha hewa. Fundi aliifungua iafoni moja iliyokufa atuonyeshe kilichomo: sumaku, koili ya waya mwembamba kuliko unywele, na kingozi cha plastiki. Muziki unakuja kwa waya ukiwa umeme, koili inasogea mbele ya sumaku, kingozi kinasukuma hewa. Sauti nyembamba hufika sikioni hata hewa ikivuja. Besi haiwezi, ikipata upenyo inatoroka kabla hujaisikia.

"Mzee, besi haiko kwa waya," alimwambia. "Iko kwa hii raba. Raba ikikaa vizuri, hata ya bei ndogo itakugonga. Ikikaa vibaya, hata ya elfu kumi itakuwa nzi."

Ndani ya pakiti kila jozi ilikuja na raba za saizi tatu, ndogo, ya kati na kubwa, kwa maana masikio ya watu hayalingani, na mara nyingi hata ya mtu mmoja hayalingani. Shikeni hilo la raba, maana ndilo lililotupeleka kliniki.

Majaribio yalifanyika jioni ile ile, kabla mzee hajaenda kazini, sisi sote tumekaa kitandani na kwenye mitungi ya maji iliyogeuzwa viti. Mzee alichagua wimbo wake wa kupimia. Ni "Sina Makosa" wa Les Wanyika, na kwa kazi hiyo sijui kama Nairobi ina wimbo bora. Bendi ile ilizaliwa hapa jijini mwaka 1978, wanamuziki walipojitenga na Simba Wanyika ya ndugu Wilson na George Peter Kinyonga wa Tanga. Wengi hukumbuka sauti ya John Ngereza, au gita la kati la Omar Shabani. Mzee hukumbuka besi ya Tom Malanga, ile inayotembea chini ya wimbo bila haraka, inazungumza, inanyamaza, inarudi. Alivaa nyeupe akasikiliza kidogo akaitoa. Alivaa nyeusi akafumba macho. Tulimwita jina lake tukamwita tena, hakuitika. Mwanawe wa mwisho akamvuta ndevu ndipo akafumbua macho, na uso wake ulikuwa umekunjuka namna ambayo sikuwa nimeiona kwa muda mrefu.

"Hii," akasema. "Malanga yumo humu ndani."

Kukhu akanyoosha mkono. Yeye kipimo chake kilikuwa George Mukabi. Mukabi alitoka Kisa, kule kwao karibu na Butere, na gita lake la omutibo, linalochezwa kwa vidole huku mtu mwingine akigonga chupa ya Fanta, lilisikika katika redio za nchi nzima kabla hajafariki mwaka 1963. Kukhu alikuwa msichana mdogo siku habari hiyo ilipofika kijijini kwao. Akaomba awekewe "Sengula Nakupenda". Alianza na nyeusi, tukaona ananuna.

"Chupa iko wapi?" akauliza. "Huyu ameimba bila chupa. Mmeweka wimbo mwingine."

Tukamwambia ni huo huo. Akavaa nyeupe. Tukaona kidole chake cha shahada kinaanza kugonga goti: ti-ti, ti, ti-ti. Chupa imerudi. Nami nilijaribu zote mbili, na nathibitisha kwamba Kukhu alisema kweli. Ile nyeusi ilikuwa imejazwa besi hadi kila kitu cha juu kimefunikwa. Rekodi za miaka ya hamsini na sitini hazina besi nyingi za kutoa. Uhai wake uko juu, kwenye kucha inayokwaruza waya na kwenye kioo cha chupa. Nyeupe iliyaacha hayo wazi. Lakini kwa Malanga nyeupe ilikuwa kavu, unasikia kwamba besi ipo bila kuipata kifuani.

Ndiyo maana nasema hakuna anayeweza kumchagulia mwenzake iafoni bila kumuuliza anasikiliza nini. Kuna watu huuza kwa kusoma namba zilizoandikwa kwenye boksi. Namba hizo hazikuwa na neno lolote la kutwambia kuhusu Mukabi na Malanga.

Kura zikagawanyika. Binti yetu mkubwa, aliye kidato cha tatu, alitaka nyeusi apate kusoma usiku wakati jirani anagombana na mkewe. Kijana wa gredi ya saba alitaka nyeusi kwa sababu ya besi. Kitinda mimba alitaka kutafuna raba za jozi yoyote. Mimi niliegemea nyeupe, na sababu yangu nilikuwa bado sijaisema kwa sauti. Ilisemwa Alhamisi, na moto.

Sikuwapo. Nilikuwa kibandani naosha sufuria, na haya niliyapata kutoka kwa Kukhu na majirani. Ilikuwa mchana, watoto wako shule, mdogo yuko kwa jirani. Mzee amelala na nyeusi masikioni bila wimbo wowote. Amegundua kwamba hata ukiichomoa kwenye karedio bado inaziba kelele, kama zile pamba za kiwandani. Kukhu amekaa mlangoni na nyeupe. Katika ploti ya nyuma yetu waya wa stima ulioungwa kwenye waya mwingine ukashika moto juu ya godoro.

Mukuru hatuna kengele ya moto. Tuna mabati. Anayeona moto kwanza hupiga kelele na kugonga ukuta kwa chochote, mwiko, jiwe, kiatu, na anayesikia anagonga wa kwake, mpaka kichochoro kizima kinalia. Kukhu alisikia katikati ya wimbo. Aliingia ndani akamtikisa mwanawe begani. Mzee akageuka upande wa pili. Akamwita kwa jina la utotoni, kwa sauti ambayo jirani anaapa iliufunika mlio wa mabati, naye amelala tuli. Kukhu hakungoja zaidi. Alishika waya akauvuta kwa nguvu zake zote, iafoni zikachomoka, na mzee akaamka amekaa, kelele za mtaa mzima zimemwingia kwa mpigo mmoja.

Alikimbia kuwasaidia vijana. Stima ilikatwa, chumba kimoja kilibomolewa upesi ili moto ukose pa kupitia, maji ya mitungi na mchanga vikamaliza. Liliungua godoro, kitanda na nguo za kijana mmoja. Watu walikuwa salama wote, tunamshukuru Mungu, maana gari la zimamoto lisingeweza kupita kichochoro chetu. Mwaka 2017 kaunti ilitangaza Mukuru kuwa eneo la mpango maalumu, na barabara hizi nyembamba zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyozungumzwa. Baadhi ya njia zimepanuliwa tangu hapo. Yetu bado mtu na mkokoteni hupishana kwa adabu.

Jioni ile Kukhu alizungumza. Alizungumza akitazama jiko badala ya kumtazama mwanawe, na hiyo ndiyo ishara kwamba jambo ni zito.

"Mimi nimekuja hapa na jicho moja. Nyumba hii ni ya kukaa na masikio. Hiyo nyeusi irudi kwa mwenyewe kesho."

Hakuna aliyecheka. Watu wa huku tunaikumbuka tarehe 12 Septemba 2011, asubuhi, pale Sinai, jirani zetu wa upande wa Lunga Lunga, petroli ilipovuja kutoka bomba kubwa na kulipuka watu wakiwa wanaichota. Walikufa zaidi ya mia moja. Mzee alikuwa kijana wakati huo na alisaidia kubeba. Neno moto halihitaji kuelezwa nyumbani kwetu.

Lakini mzee naye alikuwa na haki yake, na aliitetea kwa heshima.

"Mama, ni kweli. Ila siku zile mbili nimelala na hii, usiku nimefanya kazi nikiona mbele yangu. Kabla ya hapo nilikuwa nasinzia na mashine inakata waya mbele ya mkono."

Kukhu akanyamaza. Mimi niliyesimama katikati sikuwa na jibu la kuwapa, kwa sababu wote wawili walikuwa wanazungumza juu ya uhai wa mtu mmoja.

Basi kijana wetu akaamua kusuluhisha. Aliwaza kwamba kama tatizo la nyeupe ni kuvuja, basi iwekewe raba kubwa ya nyeusi. Kukhu atapata besi kidogo, baba atapata kimya kidogo, na fundi atalipwa moja. Wazo lenyewe lilikuwa la akili na sikumlaumu. Asichojua ni kwamba mdomo wa nyeupe ulikuwa mwembamba kuliko wa nyeusi na hauna ule mkunjo unaoshika raba. Ilikaa, ikaonekana imekaa. Ijumaa asubuhi Kukhu akaisukuma sikioni, akasikiliza nyimbo zake za kanisa, akaivuta. Waya ukatoka. Raba ikabaki.

Kwanza hakutuambia. Alijaribu kidole, na kidole kikaisukuma ndani zaidi. Aliponiita nilikuta ameinamisha kichwa upande, anapiga mguu mmoja chini, na tayari majirani watatu wako mlangoni na dawa. Mmoja alikuwa na pini ya nywele. Mwingine alishauri mafuta ya kupikia ya moto vuguvugu. Wa tatu, mama mwema kabisa ambaye amenisaidia mara nyingi, alikuwa amekwisha kukunja mdomo anataka kuivuta kwa pumzi. Nilisimama mbele ya mama mkwe wangu nikasema hakuna kitakachoingia humo. Sikio ni njia nyembamba, na mwisho wake kuna ngozi ya kusikilizia inayopasuka upesi; kitu laini kama raba ukikichokoa kwa pini kinakwenda kuilalia. Nilimfunga leso, tukatoka polepole hadi kwenye kituo cha afya, Kukhu njia nzima akiniuliza kama sasa atakuwa na jicho moja na sikio moja.

Daktari, kijana mtulivu mwenye taa kichwani, alimkalisha, akalivuta sikio juu na nyuma kidogo ili njia inyooke, akaingiza kikoleo chembamba na kuitoa raba kwa mkono mmoja. Kukhu alipoiona kwenye trei aliomba apewe. Akaifunga kwenye pindo la leso. Mpaka leo anayo.

Hapo nilidhani tumemaliza, nami nilikuwa nimejiandaa kurudisha nyeusi na hoja zimekwisha. Daktari akauliza huyu mama husikiliza kwa sauti kiasi gani. Kukhu, ambaye hasemi uongo, akasema ya mwisho. Ilikuwa kweli. Nyeupe haizibi, kwa hiyo kanisa likianza maombi yeye hupandisha. Fundi wa vyuma akianza anapandisha tena. Ilifika mahali jirani anaimba pamoja na Mukabi akisikilizia kwenye sikio la Kukhu. Daktari akatueleza kipimo cha Shirika la Afya Duniani: sauti ya desibeli 80 mtu mzima anaweza kuisikiliza saa 40 kwa wiki, lakini ikifika 90 zinabaki saa nne tu. Kila desibeli tatu zikiongezeka, muda unakatika nusu. Mzee, ambaye sheria ya viwandani ya mwaka 2005 inamkataza kukaa kwenye kelele inayozidi desibeli 90 kwa saa nane, anatoka huko masikio yamekwisha kula posho yake ya siku, na hana ya kuongeza nyumbani.

"Ile inayoziba ndiyo nzuri kwa masikio," akasema daktari. "Kelele za nje zikizuiwa, mtu hana haja ya kupandisha."

Tukarudi nyumbani tumebeba hukumu mbili. Nyeusi ilikuwa salama kwa sikio na hatari kwa nyumba. Nyeupe ilikuwa salama kwa nyumba na hatari kwa sikio. Nilikaa kwenye mtungi nikazitazama jozi zote mbili zimelala mezani, nikahisi hasira na mtu aliyejenga vyumba hivi, ambaye mita moja ya matofali kutoka kwake ingetuepushia kesi yote.

Jumamosi nililipa zote mbili. Zamu yangu ya merigoraundi ilikuwa imefika na zile pesa zilikuwa za meza mpya ya kibanda; meza itangoja. Fundi akaniongezea kiwaya chenye pini moja upande huu na matundu mawili upande ule, ili watu wawili wasikilize karedio moja. Akasema si jambo jipya. Walkman ya kwanza ya Sony, iliyoingia madukani Japani tarehe 1 Julai 1979, ilikuwa na matundu mawili ya kuchomeka, pamoja na kitufe cha rangi ya machungwa: ukikibonyeza muziki unashuka na mnasikizana sauti kupitia maikrofoni. Niliposoma baadaye kwamba mwenyekiti wa Sony, Akio Morita, alitaka hivyo baada ya kujaribu mashine nyumbani na mkewe akaudhika kwa kuachwa nje, nilimpenda yule mama wa Japani nisiyemjua. Nyumba yake bila shaka ilikuwa kubwa kuliko ploti yetu nzima, na bado alitaka kuitikiwa.

Kiwaya kilileta ugomvi wake mdogo. Iafoni hizi hazina nguvu sawa. Umeme ule ule unaotosha nyeusi kupiga kelele unaiacha nyeupe inanong'ona. Kukhu alisema ongeza, mwanawe akasema punguza, na kidude kina kitufe kimoja. Fundi akatafuta kiwaya kingine chenye gurudumu dogo la kupunguza sauti upande mmoja, akakiunga kwenye nyeusi, wakapatana. Jumapili mchana, mzee akiwa hana shifti, niliwakuta mama na mwana wamekaa kitandani wameelekea mlango, waya umewaunganisha, yeye na nyeupe, mwanawe na nyeusi, na nadhani ule ulikuwa "Sina Makosa" kwa sababu mzee alikuwa anatikisa bega moja. Kukhu alikuwa anamweleza jambo juu ya marehemu babake, na mzee alikuwa ametoa iafoni ya upande wa mama ili asikie. Sheria ikawekwa bila mtu kuitangaza: nyeusi haivaliwi na mtu aliye peke yake ndani ya nyumba. Mchana Kukhu akiwa mlangoni, mwanawe anaweza kujifungia atakavyo. Kukhu akitoka, mimi ninarudi kutoka kibandani, au nyeusi inatundikwa msumarini.

Plasta ilitolewa, jicho likaonekana linaendelea vizuri, na Kukhu akataka kurudi kwenye mahindi yake. Usiku wa kufunga mizigo alichukua karedio, akachukua nyeusi. Binti yetu akafikiri amekosea rangi kwa sababu ya jicho, akampa nyeupe.

"Nimeona," akasema Kukhu. "Pale Machakos stejini, basi halijaondoka, anaingia wa kuuza dawa ya minyoo, akitoka anaingia mhubiri, akitoka anaingia wa pete na saa. Kisha kondakta anaweka video mpaka Nakuru. Hii nyeusi ndiyo ya safari. Nyumbani kwangu nina mbwa wawili, watasikia badala yangu."

"Na chupa ya Mukabi?" mzee akamuuliza.

"Chupa naijua ilipo. Nitaigonga mwenyewe."

Kwa hiyo sasa tuna nyeupe bila karedio. Haikukaa bure hata siku moja. Simu ya mzee ina redio ya FM, na redio ya simu hiyo haishiki stesheni mpaka uchomeke iafoni yenye waya, kwa sababu waya ule ndio antena yake. Amegundua kwamba akiupitisha juu ya pazia hadi karibu na dirisha, Ruben FM, 99.9, inasikika safi kabisa, nayo hutangazia papa hapa mtaani. Husikiliza kwa sauti ndogo akisubiri usingizi. Kimya cha ile nyeusi hana tena, kwa hiyo nimezungumza na kanisa, mimi na kina mama wengine wenye waume wa shifti. Mzee wa kanisa amekubali spika zigeuzwe zitazame upande wa reli mpaka saa saba mchana, na amesema kuhusu Jumapili tusimguse.

Usiku nyeupe ni ya binti, anayesikiliza masomo kwenye simu hiyo hiyo. Ameandika ratiba kwa chaki kwenye mabati juu ya kitanda: baba asubuhi mpaka mchana, yeye kuanzia saa mbili usiku, kaka yake Jumamosi, kitinda mimba hapana. Juzi mzee alisimama mbele ya ile ratiba akiwa ameshavaa buti za kazini, akaisoma mpaka chini, akauliza mbona mama wa nyumba hii hana hata saa moja.

Binti akachukua chaki, akanitazama. Nikamwambia aandike Jumapili jioni, kuanzia saa kumi na moja, na asinikatie.